Masomo, mtoto mchanga na kompyuta: kipi kitangulie?



Tunapopita nyumba kwa nyumba, sisi wahamasishaji wa afya tunaulizwa mengi: homa ya mtoto, maji ya kunywa, chandarua kilichochanika. Lakini kuna swali ambalo vijana wanatuuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba si la afya. Kijana amepata nafasi ya kusoma. Ameoa au ameolewa, na mtoto wa kwanza amezaliwa. Shuleni wamemwambia kazi zote ziandikwe kwa kompyuta. Fedha iliyomo nyumbani haitoshi mambo yote matatu. Je, nani angoje?

Swali hili linaulizwa kambini Gasorwe, huku Muyinga, ambako ndugu zetu kutoka Kongo wameishi tangu mwaka 2002. Linaulizwa pia kwetu Ryansoro, kwenye vilima vya Gitega, na familia ambazo watoto wao walianza shule katika kambi za Tanzania, wakarudi na Kiswahili kinywani na kukuta masomo ni kwa Kifaransa. Mimi ni mzazi wa mtoto mmoja. Nimemaliza sekondari na bado natafuta nafasi ya kuendelea. Kwa hiyo sisemi kama mtu anayeutazama mto kutoka ng'ambo.

Swali hili ni la afya. Tumeona nyumba ambamo mgao wa chakula uliuzwa ili kununua mashine, na mama anayenyonyesha akala mara moja kwa siku. Hapo kompyuta imekwisha kuingia kwenye kadi ya uzito ya mtoto.

NAFASI ZIPO, LAKINI NI NYEMBAMBA

Msaada wa masomo ya chuo kikuu unaojulikana zaidi kwa wakimbizi ni DAFI. Unasimamiwa na UNHCR, na Ujerumani imeugharimia tangu mwaka 1992. Mwaka 2019, katika vijana 100 wakimbizi duniani, 3 tu walikuwa katika elimu ya juu. UNHCR na washirika wake wamejiwekea lengo la kufikia 15 kati ya 100 ifikapo 2030. Kwa raia nako si rahisi. Mwaka 2017 serikali ya Burundi iligeuza posho ya wanafunzi wa chuo kikuu kuwa mkopo wa kurudishwa baada ya masomo. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye mtoto anaanza maisha akiwa na deni, na kila faranga inayotoka lazima ijue inakokwenda.

Tena kuna jambo la wasichana. Katikati ya mwaka 2018, wizara ya elimu ya Burundi ilitoa amri kwamba msichana aliyepata mimba, na mvulana aliyempa, wasirudi katika shule za kawaida. Amri hiyo iliondolewa muda mfupi baadaye mwaka huohuo. Tanzania nayo iliondoa katazo la namna hiyo mwezi Novemba 2021. Karatasi za serikali zimebadilika, lakini mioyo ya majirani, na wakati mwingine ya wazazi, haijabadilika. Binti akijifungua, watu husema tu: «Masomo yake yamekwisha.» Hayajakwisha, ndugu msomaji. Yamepata mgeni, na mgeni huyo anahitaji kupangiwa.

MIEZI SITA YA KWANZA MTOTO HANGOJI

Mtihani unaweza kurudiwa, na kompyuta inaweza kununuliwa mwaka ujao. Mwili wa mtoto unajengwa sasa. Kwa hiyo mambo yafuatayo hayapangwi foleni na kitu kingine:

– Mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Maziwa ya kwanza ya manjano yasimwagwe. Yanamkinga na magonjwa.

– Miezi 6 ya kwanza anyonye tu. Asipewe maji, uji wala chai ya majani. Baada ya hapo aanze vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

– Chanjo zifuatwe: za kuzaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Siku ya chanjo ikigongana na siku ya mtihani, ampeleke baba, bibi au shangazi. Kinachotakiwa kituoni ni mtoto na kadi yake.

– Mama na mtoto walale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata wakati wa baridi.

Kumbuka kwamba tangu Mei 2006, kujifungua na matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 ni bure katika vituo vya serikali nchini Burundi. Mtu asikuambie kwamba ulipaswa kuchagua kati ya akiba ya kompyuta na kuzalia kituoni.

MAMA ANAYESOMA

Mama anaweza kwenda darasani na mtoto akaendelea kupata maziwa yake. Anawe mikono kwa sabuni, akamue maziwa kwa mkono ndani ya kikombe safi kilichochemshwa, akifunike na kukiweka mahali penye ubaridi. Maziwa hayo yanakaa vizuri kwa muda wa saa 4. Mtoto apewe kwa kikombe kidogo au kijiko. Chupa ya chuchu haifai, kwa kuwa kuisafisha vizuri ni kazi ngumu na ndiyo mlango wa kuhara.

Mama huyo ale mlo mmoja zaidi kwa siku kuliko kawaida yake, na anywe maji ya kutosha. Usingizi wake pia ni chakula. Anayenyonyesha usiku na kusoma alfajiri atachoka mpaka akili igome. Alale mtoto anapolala mchana, hata kama vyombo havijaoshwa.

Akiwa analia bila sababu, hapendi kula, hamtaki mtoto au anasema angependa asiwepo, na hali hiyo ikapita wiki mbili, huo si uvivu wala si mashetani. Ni ugonjwa unaowapata mama wengi baada ya kujifungua, na unatibika. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, msingoje wiki mbili; mpelekeni kituoni siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

Kuhusu mtoto wa pili: ni vizuri kungoja angalau miaka 2 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Kunyonyesha kunazuia mimba ikiwa tu mambo matatu yako pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Moja likikosekana, nendeni kituoni mkaulize njia nyingine, mke na mume pamoja.

BABA ANAYESOMA

Baba mwanafunzi naye tumwambie ukweli. Mara nyingi mume anasoma na mke anaacha masomo «kwa muda», na muda huo haurudi. Kabla ya kununua mashine ya mume, kaeni mzungumze: mke atarudi darasani mwezi gani? Nani atabaki na mtoto siku hizo? Kuteka maji, kufua nguo za mtoto na kumbeba apate usingizi hakumpunguzii mwanamume heshima. Kunampa mke saa mbili za kusoma.

KOMPYUTA: TUNAIHITAJI SASA?

Jiulizeni maswali matatu. La kwanza: je, shule inaidai kila wiki, au ni kwa kazi ya mwisho wa mwaka tu? La pili: je, kuna chumba cha kompyuta shuleni, kwenye maktaba au kambini ambacho unaweza kukitumia kwa zamu? La tatu: je, simu mliyo nayo haiwezi kusoma vitabu na kuandika rasimu? Simu haifai kuandikia kitabu kizima, lakini inasogeza mbele miezi ya kwanza, ambayo ndiyo mizito kwa mtoto.

Wanafunzi wawili au watatu wa mtaa mmoja wanaweza pia kununua mashine moja kwa pamoja. Waandike kwenye karatasi nani anaitumia siku ipi, nani anaitunza, na ikiharibika nani analipa. Bila karatasi hiyo urafiki utakwisha kabla ya betri.

KUNUNUA ILIYOTUMIKA

Wengi wetu tutanunua iliyotumika. Usinunue usiku wala kwa haraka. Iwashe mwenyewe, kisha:

1. Ondoa chaja, uitumie nusu saa. Ikizima mara moja, betri imekufa.

2. Bonyeza kila herufi, moja baada ya nyingine.

3. Tazama kama chini imevimba. Betri iliyovimba inaweza kuwaka moto. Iache mashine hiyo.

4. Angalia kumbukumbu. GB 4 ni kidogo lakini inaandika. GB 8 ni afadhali.

5. Omba karatasi ya mauzo yenye jina na saini. Mashine isiyo na karatasi inaweza kuwa ya wizi.

Muuzaji akikusifia Windows 10, jua kwamba kampuni ya Microsoft iliacha kuitolea marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazipokei Windows 11. Unaweza kuweka Linux na programu ya kuandikia iitwayo LibreOffice. Zote ni bure, na LibreOffice inafungua kazi zilizoandikwa kwa Word.

UMEME UTATOKA WAPI?

Hapa wengi wanakwama. Kompyuta ndogo inayotumia wati 30 kwa muda wa saa 3 inakula wati-saa 90. Paneli ya jua ya wati 10 ikipata jua kali kwa saa 4 inatoa 40 tu. Hiyo ni ya taa na simu. Paneli ya wati 50 kwa jua hilohilo inatoa 200, na hata sehemu ikipotea njiani, inayobaki inatosha. Kama huna paneli ya kutosha, hesabu gharama ya kuchaji kwa jirani au dukani kwa mwezi mzima kabla ya kununua. Gharama hiyo ni sehemu ya bei.

HABA NA HABA

Njia tunayoiamini ni vikundi vya kuweka na kukopa. Shirika la CARE lilianza vikundi vya namna hii na wanawake wa Niger mwaka 1991, na leo viko vilima vingi vya Burundi. Wanachama wanaweka kila wiki, sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Mwisho wa mwaka wanagawana.

Tuchukue mfano. Mtu akiweka faranga 6,000 kila wiki kwa wiki 52, anapata 312,000. Mume na mke wakiweka wote wawili, ni 624,000. Sasa tazama upande wa mkopo: ukikopa 300,000 kwa miezi 6, na kikundi kinatoza 5 kwa mia ya mkopo wote kila mwezi, utarudisha 390,000. Hizo 90,000 ni mayai, ndagala na sabuni ya mtoto. Kwa hiyo, ukiweza kungoja, weka kwanza. Mfuko wa dharura wa kikundi usiguswe kwa ajili ya mashine. Huo ni wa mtoto atakayeugua usiku. Na mgao wa chakula usiuzwe.

MASHINE NA MTOTO CHINI YA PAA MOJA

Usichaji kompyuta juu ya godoro wala blanketi, inapata joto. Nyaya ziwe juu, mbali na mtoto anayetambaa. Betri ndogo za mviringo, za saa na vidude vya kuchezea, zikimezwa zinaweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Kimbia kituoni mara moja. Na unaposoma usiku wa baridi, usiingize jiko la makaa chumbani na kufunga mlango. Moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa usingizini.

JIBU LETU

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Sisi tunaona vijana wanashika matatu, na wengine wanafika, kwa sababu hawakuyabeba yote kichwani siku moja. Miezi 6 ya kwanza: mtoto na mama, masomo kwa kiasi, akiba kidogo kila wiki. Mwezi wa 7 hadi wa 12: mtoto anakula, mama anarudi darasani kikamilifu, akiba inaendelea. Baada ya mgao wa kikundi: kompyuta, kwa fedha yenu, na iwe ya wote wawili.

Mtoto akiwa na homa, akikataa kunyonya, akipumua kwa shida au akipata degedege, acha kitabu na mashine palepale na umpeleke kituo cha afya. Kwa mengine, mwite mhamasishaji wa mtaa wako. Anapita kila wiki, na swali hili usimwulize tena kwa sauti ya chini.