INJINI ITETEMEKAYO: MAANA YAKE NA DAWA YAKE

Motokaa nzima ikisimama huku injini yake inazunguka, hunguruma polepole kwa mwendo mmoja, kama mtu aliyelala usingizi mwema. Ngurumo hiyo, pasipo dereva kukanyaga mafuta, mafundi wetu huiita sailensa. Lakini motokaa iliyozeeka mara nyingi hukosa utulivu huo. Hutetemeka, hukohoa, hupanda na kushuka, na mwisho huzimika. Hapo mafundi husema, "Inamisi." Leo napenda kueleza sababu za jambo hili na utaratibu wa kuzitafuta, kwa maana nimeona watu wengi wakitupa fedha zao kwa kuanzia mwisho badala ya kuanzia mwanzo.

Mfano wangu ni Land Rover ya petroli ya aina iitwayo Series III, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985, yenye silinda nne. Chama chetu cha wakulima kina motokaa moja ya namna hiyo, na mimi ndimi karani niandikaye matumizi yake katika daftari.

Mwaka jana ilianza kutetemeka. Dereva akakaza skrubu ya mwendo kidogo, injini ikazunguka kwa kasi zaidi, mtetemeko ukapungua. Mwezi uliofuata akaikaza tena. Mwishowe ilipelekwa mjini, na fundi mmoja akatia kabureta mpya, ambayo bei yake ilimaliza karibu fedha zote za matengenezo ya mwaka. Baada ya wiki mbili, usiku, tulimchukua mke wa jirani aliyeshikwa na uchungu wa uzazi. Tulipofika kivukoni dereva aliondoa mguu wake ili kupunguza mwendo, na injini ikazimika katikati ya maji. Betri nayo ilikuwa dhaifu. Tulishuka wanaume wanne tukaisukuma, maji yakiwa magotini, na mama yule akiugulia ndani. Tulifika hospitali salama, na mtoto akazaliwa. Walakini tangu usiku ule sikuridhika mpaka nijue ugonjwa ulikuwa wapi. Wazee walisema kweli: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kukaza skrubu ya mwendo kulikuwa kuficha maradhi.

Kwanza, yafaa tujue kwa nini ugonjwa huonekana motokaa inaposimama, nao hupotea inapokwenda mbio. Kila silinda hufanya kazi nne: huvuta hewa iliyochanganyika na petroli, huikandamiza, huiwasha kwa cheche ya plagi, kisha hutoa moshi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 600 kwa dakika, cheche hutoka mara 20 katika kila sekunde. Ikikosekana moja, mtetemeko husikika. Tena, dereva asipokanyaga mafuta, mlango wa hewa katika kabureta huwa umefungwa karibu wote, na injini hupata hewa kidogo sana. Ukitia kijiko cha maji katika kikombe cha maziwa, maziwa huharibika. Ukikitia katika ndoo ya maziwa, hapana atakayejua. Ndivyo ilivyo tundu dogo lipitishalo hewa: katika mwendo wa polepole hudhuru sana, na katika mwendo wa mbio halijulikani.

Sasa na tuanze uchunguzi. Kabla ya kushika chombo chochote, sikiliza. Ikiwa mtetemeko una mapigo sawasawa, kama mtu achechemeaye kwa mguu mmoja, yaelekea silinda moja ndiyo mgonjwa. Ikiwa sauti yapanda na kushuka pasipo mpango, shaka iko katika jambo linalozihusu silinda zote, yaani hewa, petroli au cheche kutoka chanzo chake. Angalia pia kama hutokea injini ikiwa baridi tu, kwa maana huenda choki haifanyi kazi yake.

Pili, itafute silinda iliyo mgonjwa. Zima injini, chomoa waya wa plagi moja, na ncha yake uigusishe imara katika chuma cha injini, ili cheche ipate njia na isiharibu koili. Kisha washa injini, lakini usiuguse waya huo kwa mkono, kwa sababu umeme wake ni wa nguvu nyingi. Ikiwa injini yazidi kudhoofika, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Ikiwa hapana badiliko lolote, umempata mvivu. Fanya hivyo kwa zote nne, moja moja. Jambo hili ni la motokaa za zamani tu; zile za siku hizi zenye kompyuta zisitendewe hivi.

Tatu, zifungue plagi uzitazame, kwa maana ulimi wa mgonjwa humweleza mganga mengi. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu huonyesha petroli nyingi kupita kiasi. Weusi wenye utelezi wa mafuta huonyesha kwamba oili inaingia ndani ya silinda. Weupe huonyesha hewa nyingi na petroli haba. Kama plagi moja tu ni mbaya, ibadilishane mahali na jirani yake. Ugonjwa ukihama pamoja nayo, plagi ndiyo mbovu. Ukibaki pale pale, utazame waya, kisha silinda yenyewe. Nafasi ya plagi katika injini hii ni karibu milimita 0.75 hata 0.80.

Nne, fungua kifuniko cha distributa. Tafuta ufa, unyevu na kutu. Pointi zikiwa zimeungua, au nafasi yake si milimita 0.35 hata 0.40, cheche haitakuwa na nguvu. Kazi hii yataka kipimo cha mabamba membamba ambacho mafundi hukiita fila, wala haifai kukisia kwa jicho.

Tano, tafuta mahali panapovuta hewa kwa wizi. Hapa ndipo ugonjwa wa motokaa yetu ulipoonekana. Plagi zake zote nne zilikuwa nyeupe. Kama ingekuwa moja, tungeishuku silinda moja. Lakini wanne wakiugua ugonjwa mmoja, yapasa kuchunguza kisima wanachochota wote. Tulichukua maji ya sabuni na brashi, tukapaka polepole kwenye maungio ya bomba la kuingizia hewa na chini ya kabureta, injini ikizunguka. Tulipofika chini ya kabureta, mapovu yakavutwa ndani na sauti ya injini ikabadilika papo hapo. Gasketi ilikuwa na ufa. Yule fundi alikuwa ameweka kabureta mpya juu ya gasketi ile ile kuukuu. Gasketi ni kipande chembamba tu, na bei yake haikuifikia hata ya chakula cha mchana cha dereva. Wapo watu wanaofanya uchunguzi huu kwa kumwagia petroli. Usiwaige kamwe, kwa maana cheche moja yatosha kuteketeza motokaa na mtu.

Sita, kama hayo yote ni mazima, chunguza vali. Nafasi yake katika injini hii ni milimita 0.25. Nafasi ikiwa ndogo mno, vali haifungi vema, nguvu hutoroka, na vali huungua. Wenye injini za zamani waipime mara kwa mara, kwa sababu petroli yenye risasi, iliyokuwa ikilinda makalio ya vali, iliondolewa katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006. Kisha fundi apime mkandamizo wa kila silinda. Ikiwa mmoja ni dhaifu, atie kijiko cha oili katika silinda hiyo na kupima tena. Nguvu ikiongezeka, ringi za pistoni zimekwisha. Isipoongezeka, yaelekea vali ndiyo mbovu.

Saba, na mwisho kabisa, ndipo uiendee kabureta. Safisha vijitundu vyake, maana vumbi la barabara zetu huviziba. Kabla ya kuigeuza skrubu ya mchanganyiko, ifunge taratibu huku ukihesabu mizunguko, na uiandike hesabu hiyo, ili uweze kuirudisha ilikokuwa. Kisha igeuze kidogo kidogo mpaka injini itulie, na baada ya hapo ndipo uweke mwendo wa sailensa. Sisi, tulipokwisha kutia gasketi mpya, tuliilegeza ile skrubu ya mwendo iliyokuwa imekazwa mara mbili, na injini ikanguruma polepole bila kuzimika.

Katika kazi hii yote, yakumbuke mambo matatu. Weka gia huru na breki ya mkono. Usikaribishe nguo wala mkono kwenye feni. Tena usiwashe injini ndani ya nyumba iliyofungwa, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua upesi.

Mimi si fundi, ni karani. Lakini katika daftari langu upo mstari mmoja wa bei ya kabureta na mstari mmoja wa bei ya gasketi, na kati ya mistari hiyo miwili uko usiku ule wa mtoni. Basi, ndugu mwenye motokaa, fundi akikuambia, "Tununue kipya," mwulize kwa upole, "Umepima nini, na umeona nini?" Fundi mwema hatachukia, bali atakuonyesha.