MAFUTA YA KOPE HULINDA MACHO

Wakati mwingine tunasoma gazeti, mara herufi zinaingia ukungu. Tukipepesa macho, zinaonekana tena. Wengi wetu husema, "Ni uzee." Huenda siyo uzee. Huenda ni mafuta ya kope.

Kwenye ukingo wa kope, nyuma ya nywele zake, kuna vitundu vidogo sana. Kope ya juu ina vitundu kama 30. Ya chini ina zaidi ya 20. Humo hutoka mafuta kidogo kila tunapopepesa. Sote tunajua kwamba mafuta huelea juu ya maji. Basi mafuta haya huyafunika machozi yasikauke upesi kwa jua na upepo.

Vitundu vikiziba, machozi hukauka haraka. Jicho huwasha, huwa jekundu, na mtu huona kama limeingia mchanga. Wengine hutokwa na machozi mengi. Lakini machozi yasiyo na mafuta hayakai jichoni. Vijidudu navyo vikiingia humo, kope huvimba, chokea huota. Haletwi na kuchungulia watu wakioga, kama wengine wasemavyo.

Je, tufanye nini?

1. Tunawe mikono kwa sabuni.

2. Tuchovye kitambaa safi katika maji ya moto yasiyounguza.

3. Tufumbe jicho, tulikande dakika 5 hadi 10. Kitambaa kikipoa, tukichovye tena. Tufanye hivyo asubuhi na jioni.

4. Kisha tupapase kope polepole kwa kidole, kuelekea kwenye nywele. Ya juu tushuke, ya chini tupande. Kama kuna chokea na panauma, tukande tu.

Kila mtu awe na kitambaa chake. Tusikamue wala kutoboa chokea. Tusitie jichoni maji ya majani, wala dawa iliyobaki kwa jirani. Wanja tusiazimane, wala tusiupake juu ya vitundu, maana huviziba.

Twende zahanati upesi iwapo jicho linauma sana, haliwezi kutazama mwanga, halioni vizuri hata tukipepesa, au kope nzima imevimba na mwili una homa. Uvimbe usioisha kwa wiki kadhaa, au unaorudi palepale, nao uonyeshwe. Tena si kila jicho linalowasha lina shida ya mafuta. Trakoma pia huwasha, nayo hupofusha isipotibiwa.

Kusoma tumejifunza kwa taabu. Tuyatunze macho tunayosomea.