Kuchukua Pikipiki Nyuma ya Motokaa Ndogo

Mkulima, pikipiki yako imekufa injini, na fundi unayemwamini yuko Rhonda, Nakuru. Jirani yako ana motokaa ndogo yenye chuma cha kuvutia tela, na juu ya chuma hicho amefunga kichukuzi cha kupakilia pikipiki. Je, upakie? Ngoja kwanza, tufanye hesabu.

Pikipiki nyingi za boda, za cc 100 hata 150, zina uzito wa kilo 110 hata 130. Kichukuzi chenyewe huenda kikawa kilo 20. Tuseme jumla ni kilo 150. Sasa tazama kitabu cha motokaa, au kibati kilichopigiliwa kwenye chuma cha kuvutia. Motokaa ndogo nyingi zimeruhusiwa kubeba hapo kilo 50 hata 75 tu. Usichanganye uzito huu na ule wa kuvuta. Tela hujibeba kwa magurudumu yake, lakini pikipiki iliyoning'inia hubebwa yote na motokaa.

Wewe unajua mkokoteni wa punda ukipakiwa magunia nyuma tu: miti ya mbele huinuka na punda hukosa nguvu. Motokaa ni hivyo hivyo. Kama magurudumu yake yameachana sentimita 250, na pikipiki iko sentimita 100 nyuma ya ekseli ya nyuma, kilo 150 hizo huondoa kilo 60 katika magurudumu ya mbele, na ekseli ya nyuma huongezewa kilo 210. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoelekeza motokaa, ndiyo hufanya kazi kubwa ya breki, na katika motokaa ndogo nyingi ndiyo yanayovuta. Ukipanda kutoka Njoro kwenda Elburgon wakati wa mvua, utayaona yakizunguka matopeni bure, na usukani mwepesi kama wa kuchezea.

Kwa hiyo, kama kibati kinasema kilo 75, pikipiki ya kilo 120 isipakiwe hapo, hata jirani akiapa kwamba amekwisha fanya hivyo mara kumi. Chuma huchoka polepole, na siku kikikatika, aliye nyuma yako ndiye atakayeumia. Azima tela dogo au kodi pikapu. Mkishirikiana watu wawili wenye pikipiki mbovu, gharama hugawanyika.

Hata katika tela, funga vizuri. Funga mfereji wa petroli. Gurudumu la mbele likae katika mfereji wake au liegemee ubao imara. Tumia mikanda minne yenye kikazio: miwili mbele, ikivuta chini na pembeni hata springi zishuke kiasi, na miwili nyuma. Usiweke mkanda juu ya waya wala bomba la breki. Kamba ya katani haifai kazi hii, kwani hujikaza ikilowa na kulegea ikikauka, nawe huoni.

Taa za nyuma na namba zionekane wazi. Kama zimefichwa, funga taa nyingine na kibao cha namba.

Baada ya kilomita 5 simama, ushike kila mkanda kwa mkono. Simama tena kabla ya kuingia mjini, maana matuta ya barabarani hulegeza kilichokazwa.