Shokabu za Nyuma: Mzigo Upimwe Kabla ya Kununua

Pikipiki nzito inayotumwa doria hadi Lobule, wilayani Koboko, haiendi mikono mitupu. Juu yake huwapo mwendeshaji, mwenzake nyuma, silaha za wote wawili, redio na maji. Askari wawili wa kilo 75 kila mmoja, pamoja na zana za kilo 20, ni mzigo wa kilo 170, na sehemu kubwa yake huelemea gurudumu la nyuma. Katika lami itokayo Arua kupitia Koboko hadi Oraba, uzito huo hausikiki sana. Pikipiki ikiacha lami na kuingia njia za murramu, ndipo shokabu zilizochoka hujidhihirisha: mkia hurukaruka baada ya kila shimo, na tairi huachana na ardhi wakati uleule breki inapohitajika.

Tumeiona dawa moja ikitolewa mara nyingi mno. Fundi huchukua spana, huizungusha pete ya kukazia springi hadi kikomo, kisha hutangaza kwamba springi sasa ni ngumu. La hasha! Pete huinua mkia wa pikipiki tu. Ugumu wa springi ni uleule uliotoka nao kiwandani. Tena pete ikikazwa kupita kiasi, pikipiki husimama juu kabisa, na gurudumu hukosa nafasi ya kushuka shimoni. Hapo hubaki likining'inia hewani, na dereva akigusa breki, hujifunga na kuteleza.

Kwa hiyo kipimo kitangulie fedha. Pikipiki iwekwe juu ya stendi, gurudumu la nyuma lisiguse chini, na upimwe umbali kutoka ekseli hadi alama iliyowekwa juu yake kwenye fremu. Kisha wapande wote wawili na zana zao kamili, naye mtu wa tatu apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo yafaa iwe kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa gurudumu. Ikiwa mwendo huo ni milimita 90, kuzama kwa milimita 23 hadi 30 ni sawa. Pikipiki ikizama milimita 45 hali pete imekazwa, springi hiyo ni laini mno kwa kazi yetu, wala hakuna spana itakayoiponya. Itafutwe springi ngumu zaidi, na muuzaji aambiwe uzito wa watu na zana, si jina la pikipiki peke yake.

Yafaa tukumbuke kwamba BSA M20, iliyotumiwa na jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, haikuwa na shokabu za nyuma kamwe. Springi za kiti ndizo zilizouokoa mgongo wa mwendeshaji.

Urefu nao si jambo la kukisia. Hupimwa kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Shokabu ndefu kuliko ya asili huinua mkia, na usukani huwa mwepesi wa kuyumba; fupi hulifanya gurudumu ligonge madigadi, na ekzosi ikwaruze mawe. Bushi zilingane na boliti zake, na shokabu zote mbili zibadilishwe pamoja, kwani mpya ikifungwa na iliyochoka, uma wa nyuma hujipinda.

Springi hubeba, lakini oili iliyo ndani ya shokabu ndiyo huituliza. Sukuma mkia chini kwa nguvu, uuachie: upande mara moja na kutulia. Ukipanda na kushuka mara kadhaa, oili imevuja au sili zimekufa. Mwenye shokabu za kurekebishwa asidhani kwamba utulivu mwingi ni bora. Juu ya murramu yenye mawimbi, shokabu inayorudi polepole mno haimalizi kurudi kabla ya wimbi la pili. Huzidi kuzama, na baada ya mwendo mfupi huwa kama chuma kitupu. Hatua moja ilegezwe, njia ileile ipitwe tena kwa mwendo uleule, ndipo hukumu itolewe. Kwa safari ndefu twapendelea shokabu ambazo gesi yake imetengwa na oili, kwa kuwa oili ikipata moto na kuchanganyika na hewa hufanya povu, na povu halizuii kitu.

Baada ya kufunga, mnyororo ukaguliwe, kwani urefu mpya wa mkia hubadilisha kulegea kwake. Taa ya mbele pia, isije ikamulika miti badala ya barabara. Hatua ya pete iandikwe kwenye kikaratasi chini ya kiti, moja ya watu wawili na nyingine ya mtu mmoja, ili anayetoka peke yake kupeleka barua Arua airudishe kabla ya kuwasha injini.