Nani Alimtumia Nani?

Nina jambo linalonikereketa rohoni tangu likizo, na nimeona heri nilitoe hapa kwenye jarida la chama chetu.

Mambo yalianza hivi. Binamu yangu ana laptopu kuukuu, na jioni ambazo stima haijapotea hapa Suneka huwa tunabanana kitandani kwake watu sita kutazama anime, yaani zile filamu za katuni za Kijapani. Safari hii tulitazama Death Note. Ni hadithi iliyoandikwa na Tsugumi Ohba na kuchorwa na Takeshi Obata, ikatokea kwanza gazetini kuanzia mwaka wa 2003, kisha ikafanywa filamu ya runinga ya sehemu 37 mwaka wa 2006 na 2007. Tulizimaliza zote kwa siku nne. (Mama akiuliza, tulikuwa tunadurusu.)

Kwa wale ambao hawajaiona, kuna mwanafunzi hodari anayeitwa Light. Anaokota daftari la zimwi la mauti. Ukiandika jina la mtu humo huku unaijua sura yake, mtu huyo anakufa. Light anaanza kuua wahalifu, halafu anaua yeyote anayemfuata. Watu wanamwita Kira. Kisha anatokea msichana mrembo, Misa, naye ana daftari lake. Misa amepata pia macho ya zimwi. Akimtazama mtu anaona jina lake papo hapo. Macho hayo bei yake ni nusu ya umri uliokubakia. Light mwenyewe aliwahi kuahidiwa macho hayo akakataa. Umri wake aliuona ghali, lakini umri wa Misa aliuona rahisi.

Basi Misa anamwambia Light awe mpenzi wake, naye Light anakubali akiwa na hesabu zake kichwani. Anamtumia Misa kutafuta majina. Anamwambia wazi kwamba ataendelea kutoka na wasichana wengine ili wasishukiwe. Misa anapoteza yale macho, baadaye anayanunua tena, yaani analipa nusu ya ile nusu! Hapo dada zangu walianza kusonya, na binamu akasema, "Huyu Light ni nyoka, maskini Misa."

Lakini ebu ngoja kidogo. Huyu Misa tunayemhurumia aliua watu wasio na hatia, polisi wakiwemo, ili Kira amtambue tu. Alimwambia Light kwamba akimwona na msichana mwingine, msichana huyo atamuua. Je, hayo ni mapenzi? Najua wazazi wake waliuawa na jambazi, na Kira ndiye aliyemmaliza jambazi huyo, kwa hivyo shukrani yake naielewa. Hata hivyo, alichopenda Misa ni Kira wa kichwani mwake. Yule mvulana aliyekaa mbele yake hakumuuliza lolote la maana. Tena kuna zimwi Rem, anayempenda Misa kwa dhati. Light anajua kwamba zimwi likiua ili kumwokoa mwanadamu linalompenda, nalo linakufa. Anapanga mambo hadi Rem hana budi kumuua mpelelezi L ili kumnusuru Misa. Penzi la dhati katika hadithi nzima likageuzwa jembe la mtu mwingine. Mimi hapo ndipo niliposikia baridi.

Shule zilipofunguliwa nikayaleta haya kwenye mkutano wa chama. Mwalimu mlezi alinisikiliza, akacheka, akasema mbona unakwenda Japani kuchota maji na kisima kiko nyumbani? Akanipa "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike, iliyomo katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine ya mwaka wa 2016. Dada yangu mkubwa aliitahiniwa katika KCSE, kwani kitabu hicho kilianza kutahiniwa mwaka wa 2018, na mpaka leo akisikia jina Penina anafyonza.

Dennis Machora ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mtoto wa maskini hohehahe. Penina ni binti wa matajiri. Penina ndiye anayemwendea Dennis chumbani na kumweleza kwamba anampenda. Dennis anasitasita kwa sababu ya tofauti ya hali zao, kisha anakubali. Wanaishi pamoja wakitegemea pesa za wazazi wa Penina. Masomo yanakwisha, kazi haipatikani. Dennis anakwenda mahojiano anaanguka, na Penina anamfukuza nyumbani.

Katika mjadala wetu karibu wote walimlaani Penina. Na kweli alikosa, tena sana. Aliapa viapo vizito, kumbe viapo vina tarehe ya mwisho. Mimi nilisimama nikauliza, je, Dennis? Aliishi kwa pesa zile siku zote hizo. Angekuwa Penina ni maskini mwenzake, angedumu naye bila kazi namna ile? Mmoja alitaka mtu asiyeweza kukataa, mwingine akataka pahali pa kuegemea. Wasichana walinipigia makofi, wavulana wakaniita msaliti. Kosa la Penina ni kubwa zaidi, hilo sikatai, maana mwenye nyumba ndiye mwenye ufunguo.

Sasa nifike kwenye kinachonikereketa. Muhula wa kwanza nilikaa nyumbani wiki tatu kwa ajili ya karo. Niliporudi, noti za Kemia zilikuwa zimenipita kama matatu ya Migori. Kuna msichana wa darasa letu, jina lake naliweka kapuni, ambaye Kemia anaimeza kama uji. Nikamwandikia barua ya mapenzi kurasa mbili. Sikumpenda. Nilitaka daftari.

Alinijibu siku hiyo hiyo, na daftari akanipa. Kila jioni akataka tutoke pamoja langoni, tupite polepole penye wavulana wa kidato cha nne. Nilijiona simba. Baadaye nikaambiwa na rafiki yake kwamba alikuwa akimtia wivu mmoja wao, na wivu ulipofanya kazi, mimi kazi yangu ikawa imekwisha.

Nilikasirika siku mbili nzima! Nilisema nimetumiwa, nimedanganywa, mimi Dennis wa watu. Ilibidi nimtazame Misa akiyanunua yale macho ndipo nikumbuke daftari la Kemia lilikuwa bado chini ya godoro langu.

Juzi nilimrudishia, nikamwambia ukweli kuhusu ile barua. Aliniangalia kwa muda, kisha akacheka, akasema alijua tangu mstari wa pili, kwa kuwa nilikuwa nimeandika jina lake vibaya. Halafu akaniuliza iko wapi kalamu yake nyekundu.