Wakili, Kadhi na Kodi ya Mbiru: Funzo Kutoka Same

Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same, makao makuu ya wilaya, kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Jina hilo zamani lilikuwa la ushuru uliotolewa kwa watawala wa kienyeji. Waingereza walilichukua wakalibandika kwenye kodi mpya, ambayo kila mtu alikadiriwa kwa mali aliyodhaniwa kuwa nayo. Marehemu Profesa Isaria Kimambo ameyaandika matukio hayo kwa urefu. Sisi tuna swali moja la kifiqhi: kwa nini watu wale walikwenda kukaa uwanjani badala ya kwenda mahakamani?

Jibu limo katika sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929. Sheria hiyo iliziondoa mahakama za machifu katika usimamizi wa Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa wa utawala. Chifu aliyesimamia kodi ndiye aliyeketi barazani kuhukumu. Asiyeridhika alikata rufaa kwa bwana shauri, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Wakili hakuruhusiwa kusimama humo. Sasa ndugu msomaji, mtu amshitaki nani, na kwa nani?

Wanafunzi wetu waliosoma Minhaj ya Imam Nawawi wanaijua mas-ala hii. Katika madhehebu ya Imam Shafi hukumu ya kadhi haipiti kwa manufaa yake mwenyewe, wala ya mshirika wake katika mali yao ya pamoja, wala ya mzazi wake au mwanawe kwa kauli sahihi. Kadhi huyo anaweza kuwa mchaji Mungu; hilo haliangaliwi. Linaloangaliwa ni tuhuma. Imam Abu Hanifa alikataa kabisa ukadhi wa Khalifa al-Mansur, akafungwa. Mwanafunzi wake Abu Yusuf aliukubali, akawa Kadhi Mkuu wa Harun al-Rashid, na katika Kitabul-Kharaj akamwandikia Khalifa huyo huyo kuhusu mipaka ya kuwatoza watu kodi. Njia zao zilitofautiana, lakini wote wawili walikuwa na elimu ya kumkabili mtawala.

Ama uwakili katika kesi, asili yake ipo. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) alichukia kuhudhuria mabishano ya kesi, akamwakilisha nduguye Aqil, na alipozeeka akamwakilisha Abdullah bin Ja'far. Abu Hanifa alishurutisha ridhaa ya mshindani, isipokuwa kwa udhuru kama maradhi au safari. Shafi na maulamaa wengi hawakushurutisha.

Wapo kati yetu wanaosema wakili ni muuza uongo. Maneno hayo hatuyapuuzi. Aya ya 105 ya Suratun-Nisaa ilishuka, kama wasemavyo wafasiri, katika mkasa wa wizi ambao jamaa wa mwizi walitaka lawama imwangukie Yahudi asiye na hatia. Mtume (S.A.W.) akakatazwa kuwa mtetezi wa makhaini. Lililokatazwa ni kumtetea khaini katika khiyana yake. Kumtetea aliyedhulumiwa, hata kama si Muislamu, ndiko kulikothibitishwa na aya hiyo. Basi mafunzo ya wakili yasiyomfundisha kutofautisha haya mawili yana kasoro kubwa.

Leo ibara ya 107B ya Katiba inazitaka mahakama ziwe huru, zifuate Katiba na sheria tu. Ibara haijitetei yenyewe. Shule ya Sheria ya Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007 ili wahitimu wa vyuo wapate mafunzo ya vitendo kabla ya uwakili, na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kina kitivo cha sheria na sharia. Lakini katika mahakama ya mwanzo, ambako mirathi zetu nyingi hufika, sheria ya mwaka 1984 iliwazuia mawakili hadi iliporekebishwa mwaka 2021. Mjane aliyenyimwa thumuni yake alisimama peke yake mbele ya mashemeji.

Mbiru ilifutwa baadaye, baada ya kinamama wa Usangi nao kuinuka mwaka 1946. Haikufutwa kwa hukumu ya hakimu yeyote. Imamu wa Same au Usangi mwenye kijana hodari wa hoja katika darsa lake amuulize kama amefikiria kusoma sheria, na asisahau kuwauliza mabinti.