Mkaja wa Ndani: Kumwuguza Aliyeumia Misuli ya Tumbo (II)

Juma lililopita tulimwacha hamali wetu wa Mitwero amelala chali, baada ya kujipinda chini ya gunia la korosho la kilo 80 na kusikia kitu kama uzi ukikatika ubavuni mwa kitovu. Jamaa walisema ni ngiri, na jirani akaja na mafuta ya nazi apate kumkanda. Yote mawili yataka hadhari. Uvimbe uchomozao mtu akikohoa na kurudi akilala ndio dalili ya ngiri, na ukikataa kurudi huku mgonjwa akitapika, kusingojwe hata kuche, apelekwe Hospitali ya Sokoine, Lindi mjini. Ama nyuzi za msuli zilizochanika, kuzikanda kwa nguvu siku za mwanzo ni kuzidisha jeraha.

Misuli ya tumbo ina matabaka, na lile la ndani kabisa hukizunguka kiwiliwili mfano wa mkaja wanaojifunga mama zetu wakiisha kuzaa, ambao jina lake lingali likitajwa posa zikipelekwa, mama wa mwari akitengewa fungu lake. Mkaja huu wa maumbile ndio wa kuanza kufungwa upya.

Ukali wa maumivu ukipungua, aghalabu baada ya siku chache, mgonjwa na atandike mkeka sakafuni, maana kitanda cha kamba hubonyea, akunje magoti, aweke vidole upande wa ndani wa mifupa ya nyonga, avute pumzi hata tumbo liinuke, kisha aitoe polepole huku akirudisha kitovu ndani, kama mtu akazaye kikoi kilicholegea. Vidole vikihisi ugumu mwororo, amepatia. Vikisukumwa nje, amezidisha nguvu. Akae hivyo kwa hesabu ya tano, pumzi ikiendelea, arudie mara kumi. Siku zifuatazo atelezeshe kisigino kimoja mkekani hata mguu unyooke, akirudishe, kisha cha pili. Akikohoa, akumbatie mto. Akiamka, ageukie ubavu kwanza. Kujiinua kiwiliwili kikwata, wanavyohimiza vijana, naona ni ujinga mtupu kwa wakati huu.

Mchaniko mdogo hupoa kwa takriban majuma 2 au 3. Mkubwa hudai miezi. Lakini msimu ukifunguliwa Oktoba, hamali alipwaye kwa gunia atasubiri kwa riziki gani? Swali hilo sina jibu lake. Juma lijalo tutamtazama kisimani, akiinua ndoo yenye maji nusu.